M-Pesa haiishi kwenye Google, jamani

Nimeisikia tena, safari hii kwa fundi mwenzangu kabisa, tena mbele ya mteja: “Usiweke hiyo LineageOS, ukitoa Google M-Pesa inakufa.” LineageOS ni mfumo wa Android usio na programu za Google, unaowekwa badala ya ule uliokuja na simu. Mteja akachukua simu yake, akaaga. Basi naandika hapa, ili siku nyingine nitume kiungo tu nipumzishe mdomo.

Tuanze na miaka. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007. Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, iliingia sokoni Oktoba 2008. Watu walishatumiana pesa kwa vitochi mwaka mzima na zaidi kabla hiyo Android haijauzwa popote. Leo iweje isiende bila Google?

Hapa Tanzania ukipiga *150*00# kufungua M-Pesa, simu yako haina kazi kubwa. Inapeleka tarakimu, mtandao unarudisha maandishi, simu inayaonyesha. Menyu yenyewe iko kwenye mitambo ya kampuni ya simu. Kwa wenzetu wa Kenya wenye menyu ya M-Pesa ndani ya laini, hiyo imo kwenye laini kweli, na LineageOS ina programu ya kuifungua. Chomoa laini, na alama yake inatoweka.

“Mbona ya kwangu iligoma?” Hapa ndipo ninapochoka. Mara nyingi nikiletewa simu ya namna hiyo, nakuta mtu kaingia *#*#4636#*#*, menyu iliyofichwa ya mipangilio ya mtandao, kachagua “LTE Only”, yaani 4G peke yake, ili intaneti iwe na kasi, kisha kasahau. Kwenye baadhi ya romu za nje, yaani mifumo kama LineageOS isiyotoka kwa mtengenezaji wa simu, kupiga simu juu ya 4G hakufanyi kazi, kwa hiyo simu ikitaka kupiga au kutuma USSD (hizo namba za menyu zenye nyota na reli) hulazimika kushuka kwanza 3G au 2G. Wewe umeifungia njia ya kushuka. Ukipiga namba ya menyu unapata yale maandishi ya “invalid MMI code”, yaani namba uliyopiga imekataliwa, na lawama anabeba Google ambaye hata hayupo. Rudisha mtandao kwenye mchanganyiko wa 2G, 3G na 4G, piga tena. Ukipiga simu ya kawaida nayo ikagoma, ujue tatizo ni hilohilo, si pesa.

Programu ya kwenye skrini, ile yenye picha na rangi, ni habari nyingine, na watu wanaichanganya na menyu makusudi nadhani. Programu za benki nyingi huuliza huduma ya Google inayoitwa Play Integrity: je, simu hii ni ya kuaminika? Butiloda, yaani programu inayowasha simu na kuamua mfumo upi uruhusiwe, hufunguliwa ili kuweka LineageOS; ikiwa imefunguliwa, jibu la kuridhisha halipatikani, na benki ndiyo inayoamua ikufungie mlango au ikuache. Leo inafunguka, kesho wanatoa toleo jipya inakataa. Kuna ujanja wa kuidanganya. Niliufuata muda, nikauacha, maana kila Google wakiziba tundu unaanza upya. Benki yangu naitumia kwa USSD, nimetulia.

 

Sasa wale wa upande wa pili, wanaosema romu ya nje inaifanya simu kuwa salama kabisa. Yangu ni OnePlus 6 ya 2018. Mtengenezaji aliiachia Android 11, mimi niko Android 15. Raha tupu, mpaka ufungue sehemu ya kuhusu simu: kuna tarehe mbili za usalama. Ya Android inasogea kila nikisasisha. Ya mtengenezaji imeganda 2021, na hiyo ndiyo inayohusu programu zake mwenyewe za kuendesha vipande vya simu, modemu ya mtandao ikiwemo, ambazo LineageOS hawana msimbo wake wa kurekebisha. Juu ya hapo butiloda iko wazi. GrapheneOS, mfumo mwingine wa aina hii, wanakuruhusu uifunge tena baada ya kuweka mfumo wao, lakini wanashughulika na Google Pixel peke yake.

Ndiyo maana wakala anayeshikilia pesa za watu akiniuliza kama nimwekee, nasita. Simu iliyoachwa na mtengenezaji bila kusasishwa ni hatari, yenye butiloda wazi nayo ina hatari yake, na sina mizani ya kumwonyesha ipi nzito. Huwa namwambia atenge kitochi cha kazi.

Mwenye Tecno, Infinix au itel, tazama kwanza orodha ya simu kwenye tovuti ya LineageOS kabla hujanifuata. Modeli yako isipokuwemo, usiniletee faili uliyoipata kwenye kundi la Telegram. Aliyeitengeneza anaweza kusoma kila unachoandika kwenye kioo, namba ya siri ya M-Pesa ikiwemo, na hiyo mimi siweki hata ukinilipa mara mbili.