Mbwa aliyetolewa mtoto wa jicho ataona kwa muda gani?

Wenye mbwa wengi hapa Dodoma huniuliza swali moja nikishamulika jicho: "Daktari, akipasuliwa ataona?" Wengi huona, tena ndani ya siku chache, lakini kuona wiki ya kwanza ni jambo moja na kuona mwaka wa tatu ni jingine.

Si kila weupe ni mtoto wa jicho. Lenzi ya mbwa aliyevuka miaka 7 hukakamaa na kupata ubuluu wa moshi, ilhali mwanga unapita na mnyama anaona. Mimi hudondosha kipande cha pamba mbele yake. Pamba haina kishindo, hivyo akiifuata kwa macho, hana haja ya kupasuliwa.

Upasuaji wenyewe husaga lenzi kwa mawimbi ya sauti kupitia tundu dogo, mabaki yakafyonzwa, kisha ikawekwa lenzi bandia ya dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 41 hivi, takribani maradufu ya ile ya binadamu. Kabla ya hapo retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hupimwa kwa umeme, kwa sababu nyuma ya lenzi iliyofunga inaweza kuwapo retina iliyokwisha kufa, na hapo hata mkono hodari hauleti nuru.

Mtoto wa jicho aliyetolewa harudi. Kinachopokonya uoni baadaye ni uvimbe wa ndani ya jicho, presha ya jicho inayoweza kupanda saa chache baada ya upasuaji au miaka mingi baadaye, na retina kubanduka. Ndiyo maana siafiki ushauri wa zamani wa kungoja mtoto wa jicho "aive" kwanza: kadiri lenzi inavyokaa, ndivyo inavyovuja na kuchochea uvimbe huo. Mbwa wenye kisukari ndio wasiostahili kungojeshwa kabisa, maana takribani robo tatu yao hupata mtoto wa jicho ndani ya mwaka mmoja hivi tangu ugonjwa utambuliwe, na lenzi zao huvimba haraka hata kupasuka.

Baada ya hapo kazi ni ya nyumbani: matone mara kadhaa kwa siku kwa wiki nyingi, kola ya plastiki asijikune, na mkanda wa kifuani badala ya mnyororo wa shingoni, kwa kuwa kuvutwa shingo hupandisha presha ya jicho. Mbwa wa getini asiyekubali kushikwa kichwa, anayeshinda katika vumbi la kipupwe chetu, mimi humzoesha kwanza matone ya machozi ya bandia. Akizidi kung'ata, simpeleki kupasuliwa. Huyo naye huendelea kupimwa presha na kutibiwa uvimbe, kwani jicho lisilopasuliwa huweza kuuma vilevile, na bakuli lake la maji lisihamishwe, ili alifikie bila kuona.