Mkimbizi Jasusi Hahitaji Bastola

Nahariri riwaya za kijasusi hapa Nairobi, na miswada ninayoipokea kwa hamu zaidi ni ile ya wakimbizi wanaomsaka mtesaji wao wa zamani. Karibu kila mwandishi huwapa bastola. Ya nini? Silaha yao ni kumbukumbu, na hiyo ndiyo wakili wa mshtakiwa atakayoishambulia.

Mwaka 2014 wakili Msyria, Anwar al-Bunni, alipishana na mwanamume mmoja karibu na makazi ya wakimbizi ya Marienfelde, Berlin. Sura aliijua, jina halikumjia. Kumbe ni Anwar Raslan, kanali wa zamani wa ujasusi wa Syria, naye kaja kuomba hifadhi. Mahakama ya Koblenz ilimfunga maisha Januari 2022. Miaka yote hiyo katikati ndiyo riwaya yenyewe, lakini waandishi wetu huiruka.

Na si lazima twende Ulaya. Julai 1997, katika operesheni iliyoitwa NAKI (Nairobi–Kigali), washukiwa saba wa mauaji ya kimbari ya Rwanda walikamatwa humu humu Nairobi, akiwemo Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu.

Sasa tuseme shujaa wako ni fundi cherehani wa Kayole, mtu wa Goma. Mwaka 2012 alihojiwa akiwa amefungwa kitambaa machoni. Leo mteja anaingia kupima suti, anafungua kinywa, na fundi anaitambua ile sauti. Mswada wa kawaida utamfanya ampige picha kwa siri na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la manusura wenzake: "Jamani, si ndiye huyu?" Basi, kesi imeharibika. Kwenye gwaride la utambulisho polisi watampanga mteja huyo na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri na umbo, lakini mashahidi watakuwa wanaitambua picha ya WhatsApp. Wakili wa mteja atawauliza swali moja tu: uliiona wapi sura hii mara ya mwisho?

(Kumshtaki hapa kunawezekana: Sheria ya Makosa ya Kimataifa ya 2008 inagusa hata uhalifu wa nje, mradi mtuhumiwa yupo Kenya.)

Kwa hiyo mfanye fundi anyamaze. Aandike peke yake, usiku huohuo, alichosikia na kilichomfanya amjue, kabla hajamwambia hata mumewe. Kisha aendelee kumshonea, kwa sababu akikataa kazi, mteja ataanza kujiuliza kwa nini. Atarudi kujaribisha suti mara mbili, na kila mara atataka maongezi.