BAM ni somo gani, na linatofautianaje na Advanced Mathematics?

Mwanafunzi aliyepangiwa PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) au ECA (Uchumi, Biashara, Uhasibu) akiripoti kidato cha tano hukuta kwenye ratiba somo ambalo halimo katika herufi za tahasusi yake, yaani mchepuo wake wa masomo matatu: BAM. Kirefu chake ni Basic Applied Mathematics, na ndiyo hisabati nyepesi kati ya mbili zinazofundishwa kidato cha tano na cha sita Tanzania. Ile nzito ni Advanced Mathematics, ambayo kwa watu wa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati) na EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) ni mojawapo ya masomo yao makuu matatu.

Mitaani BAM inasemwa kuwa hisabati ya vilaza. Hilo ni kosa. Kinachoamua usome ipi ni tahasusi tu. Aliyepata A ya hisabati kidato cha nne, akachagua PCB kwa kuwa anautaka udaktari, atasoma BAM, na huenda akakaa dawati moja na aliyepata D.

Tofauti yenyewe ipo kwenye upana na kina. BAM ina funksheni, aljebra, trigonometria, matriksi, takwimu, uwezekano na kalkulasi ya mwanzo. Advanced inazigusa karibu zote hizo, kisha inaongeza mantiki, vekta, namba changamano na milinganyo tofautishi. Hata mada ikiwa moja, maswali hayafanani. Katika kalkulasi, wa BAM anaweza kupewa funksheni ya faida ya duka na kuulizwa ni bidhaa ngapi zikiuzwa faida itafika kileleni. Wa Advanced anatarajiwa kuthibitisha kanuni, si kuitumia tu. Mtihani wa taifa nao unaonyesha uzito: BAM ni karatasi moja, Advanced ni mbili.

Sasa kwenye pointi. Divisheni ya kidato cha sita hutokana na masomo matatu ya tahasusi, kwa hiyo BAM hupewa gredi lakini haiingii kwenye hesabu. Wanafunzi wanalijua hilo mapema mno! Kipindi cha BAM kinageuka muda wa kupiga msuli wa Baiolojia, na mwalimu mwenyewe wakati mwingine anaona afadhali nguvu aipeleke PCM.

Lakini chuo kinaangalia zaidi ya divisheni. Zipo shahada ambazo mwombaji asiye na Advanced hutakiwa awe na ufaulu wa BAM, walau S (gredi iliyo juu ya F tu), au gredi nzuri ya hisabati ya kidato cha nne. Mtu mwenye divisheni wani anaweza kukosa sifa ya kozi aliyoitaka kwa F ya somo ambalo "halihesabiwi". Vigezo hutofautiana chuo kwa chuo, hivyo ni vya kusomwa ukiwa bado kidato cha tano.

Kwa maoni yangu wanaoumia zaidi ni ECA, kuliko hata PCB. Shahada ya uchumi imejaa kalkulasi, na mwaka wa kwanza mtu wa ECA anaingia darasa moja na wa EGM aliyeisoma kwa kina miaka miwili. Aliyeichukulia BAM kwa uzito atapata pa kuanzia. Aliyelala kwenye vipindi vyake atajifunza mwinuko wa mkunjo wiki ileile wenzake wanapoutumia kutafuta gharama ndogo kabisa ya uzalishaji.