Je, wajua kwa nini mmea unaokinga ubongo wa panya unaweza usimsaidie binadamu?

Kila baada ya muda inazunguka habari kwamba mmea fulani umethibitika kuzuia Alzheimer (ugonjwa wa ubongo unaoua kumbukumbu) au Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa), na watu wanakimbilia kununua unga wake kwa ajili ya mzazi ambaye ameanza kusahau majina ya wanae. Mara nyingi habari yenyewe si uongo, ila ukiisoma mpaka chini unakuta aliyepata nafuu ni panya.

Sasa panya hapati Alzheimer kiasili. Anapandikiziwa jeni ya binadamu inayomfanya atengeneze protini ya amiloidi kupita kiasi, akizeeka ubongo unajaa mabonge ya hiyo protini na kumbukumbu inayumba. Kumpima wanamtia kwenye beseni kubwa la duara lenye maji yaliyofanywa meupe, ndani kuna kijukwaa kimezama kidogo hakionekani, panya anaogelea akitafuta pa kusimama, siku ya kwanza anazungukazunguka tu, ila mzima siku zinavyoenda anakinyookea kwa kuangalia alama za chumbani wakati mgonjwa kila siku ni kama ndo kaingia mara ya kwanza. Aliyelishwa mmea akifika mapema kuliko wenzake, ndo inaandikwa kwamba kumbukumbu imeimarika.

Chukua kurkumini, ile kemikali inayokipa kiungo cha manjano rangi yake. Utafiti wa mwaka 2001 uliwalisha panya wa aina hiyo kwa miezi 6, kuanzia wakiwa na umri wa miezi 10, na mabonge ubongoni yakapungua karibu nusu. Watu walifurahi na walikuwa na haki. Halafu yakaja majaribio ya wagonjwa wenyewe, matokeo yakatoka 2012: gramu 2 au 4 kwa siku, wiki 24, nafuu hakuna. Kwenye damu yao kurkumini ilikuwa kidogo mno, maana utumbo hauipokei vizuri na ile inayopita ini linaibadilisha fasta.

Lakini kwangu tatizo kubwa zaidi ni muda. Wale panya walianza kula mabonge yakiwa ndo kwanza yanaanza, wakati kwa binadamu amiloidi inajikusanya miaka 15 hadi 20 kabla hajaanza kusahau, yaani siku anayopelekwa kwa daktari seli nyingi za ubongo zimeshakufa na kilichobaki cha kulinda ni kidogo. Kwenye Parkinson ni hivyohivyo, mara nyingi panya anapewa mmea siku kadhaa kwanza, ndo anachomwa sumu ya MPTP inayoua seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kujongea. Binadamu nani anamwambia lini ugonjwa utaanza?

Na usidhani kitu kikitoka kwenye mmea basi ni salama. Rotenoni ni sumu inayotoka kwenye mizizi ya mimea fulani, na mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba panya wakiingiziwa kwa wiki kadhaa wanapata dalili za Parkinson, kwa sababu inazizuia seli kutengeneza nguvu.

Hata hivyo mimea imetupa dawa za kweli. Galantamini, inayotumika kwa Alzheimer, ilipatikana kwenye mmea wa maua. Na upupu, huuhuu unaowasha, mbegu zake zina levodopa, kemikali ileile iliyomo kwenye vidonge vya Parkinson. Mwaka 1957 mwanasayansi wa Sweden Arvid Carlsson na wenzake waliwachoma dopa, ya jamii hiyohiyo ya levodopa, sungura waliokuwa wamelegea kabisa kwa reserpini, dawa inayomaliza dopamini ubongoni, na sungura wakaamka! Ila dawa hizi zinapunguza dalili, hazijathibitika kuzuia seli zisife.

Kwa hiyo kama una mgonjwa yuko kwenye levodopa na mtu amekuletea unga wa upupu, mwambie daktari kabla hajaulamba, maana hiyo ni levodopa juu ya levodopa, na ikizidi viungo vinaanza kuchezacheza vyenyewe na presha inaweza kushuka akisimama akaanguka.