Pepopunda: taya likishakaza umechelewa

Mimi ni muuguzi hapa Mwanza. Wagonjwa wangu wengi wanatoka mialoni: wavuvi, wachuuzi wa dagaa, mafundi wa mitumbwi. Maswali haya nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi. Leo nayaandika, kwa sababu nimechoka kumpokea siku ya kumi mtu ambaye angeweza kuja siku ile ile aliyoumia.

Pepopunda ni nini?

Ni ugonjwa wa kukaza misuli. Unaletwa na sumu ya bakteria ambaye mbegu zake zimo kwenye udongo, vumbi na kinyesi cha mifugo. Anaingia kwa kidonda. Hauambukizwi na mgonjwa, kwa hiyo msimkimbie ndugu yenu.

Nesi, mbona wazee wanasema ni mashetani?

Jina limebeba neno pepo, na neno hilo limewapeleka wengi kwa mganga kabla ya kufika kwetu. Hakuna pepo hapo. Kinachotokea kinajulikana vizuri, nami nitakieleza.

Neva, yaani mishipa ya fahamu, hutuma ujumbe kwa kumwaga kemikali. Kemikali hiyo imefungashwa kwenye vifuko vidogo mno ndani ya neva, na ili kifuko kimwage mzigo wake, utando wake lazima uungane na utando wa neva. Wanaofanya kazi hiyo ni kundi la protini linaloitwa kwa kifupi SNARE. Moja iko kwenye kifuko, nyingine ziko kwenye utando wa neva. Zikikutana zinasukana kama meno ya zipu, zinakivuta kifuko mpaka kigusane na utando, na mzigo unamwagika. Wanasayansi watatu waliofumbua usafirishaji huu wa vifuko, James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2013.

Sasa sumu ya pepopunda ni mkasi. Inapanda ndani ya neva kutoka kidondani hadi kwenye uti wa mgongo, na huko inaikata ile protini ya kwenye kifuko, iitwayo sinaptobrevini. Ilithibitishwa hivyo mwaka 1992. Zipu inabaki na upande mmoja, kifuko hakimwagi kitu. Na neva zinazoharibiwa zaidi ni zile zinazoiambia misuli ilegee. Misuli inabaki inasikia amri moja tu: kaza.

Dalili ni zipi?

Taya kukaza, kumeza kwa shida, shingo kukakamaa, tumbo kuwa gumu kama ubao. Baadaye mgongo unapinda, na mlio au mguso mdogo unamletea mkazo mwili mzima. Akili yake ni timamu muda wote. Anawasikia mnavyobishana kitandani pake kuhusu nani amemroga, na maumivu anayahisi yote.

Kuna kijana mmoja alichomwa na mwiba wa gogogo akichambua samaki wavuni. Alifunga kitambaa, akarudi ziwani. Baada ya siku tisa mdomo ukawa haufunguki, wakadhani ni jino. Siku mbili zikapita kwa dawa za maumivu. Alipofika kwangu, baina ya meno palipita mpini wa kijiko tu. Nilipomgusa koo kwa kijiti, badala ya kutaka kutapika alikibana kwa meno. Mtu akaangusha ndoo koridoni, na mgongo wote ukanyanyuka kitandani.

Kidonda changu ni kidogo, nisubiri nione?

Usisubiri. Dalili huanza kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia, na kidonda kinaweza kuwa kimeshapona. Hicho unachosubiri kukiona ni taya kukaza, na taya likishakaza umechelewa.

Msumari haukuwa na kutu.

Kutu haihusiki. Ndoano mpya, mwiba wa samaki, kipande cha mti, jembe: chochote kilichogusa udongo. Kitundu chembamba kinachozama ndicho kibaya zaidi, kwa sababu bakteria huyu anapenda pasipo na hewa. Nenda siku hiyo hiyo.

Nimeshamwagia unga wa kapsuli.

Naomba mniache na unga wa kapsuli. Na petroli, na majivu, na tumbaku, na zaidi ya yote kinyesi cha ng'ombe, iwe kwenye kidonda au kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Kinyesi ndiyo nyumba ya bakteria mwenyewe! Osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kwa muda mrefu, kisha nenda zahanati. Siku hiyo hiyo. Mtoto mchanga aliyekuwa ananyonya vizuri akashindwa ghafla ndani ya wiki mbili za mwanzo, mkimbizeni hospitali usiku huo huo.

Kwani hospitali hamwezi kuitoa hiyo sumu?

Iliyoshaingia kwenye neva, hapana. Dawa ya kuzuia sumu inaikamata ile ambayo bado iko nje tu. Kilichobaki ni kusafisha kidonda, kutuliza misuli na kulinda pumzi, wiki kadhaa, mpaka neva zijijenge upya. Uchambuzi wa miaka 10 wa hospitali ya Bugando, uliochapishwa mwaka 2011, ulihusu wagonjwa 102, wengi mno wanaume. Zaidi ya 40 katika kila 100 walifariki.

Kwa nini wanaume?

Wanawake wanachanjwa wakiwa wajawazito. Mwanaume, baada ya zile za utotoni, hana anayemwita. Jiite mwenyewe. Kama hujui ulichanjwa lini, sema hivyo zahanati: utapata ya kwanza, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6. Moja ikiisha watu wanatokomea. Moja haitoshi.

Aliyewahi kuugua ana kinga?

Hana. Sumu inayotosha kumlaza mtu ni kidogo kiasi kwamba mwili haujifunzi kuitambua. Yule kijana alipona. Anachanjwa kama wengine, na safari hii mke wake ndiye anayetunza kadi.