Kama hakuna aliyefika huko chini, tumejuaje?

Somo la muundo wa dunia kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili kwa kawaida huanza na mchoro: ganda juu, tabaka la kati, kiini cha nje, kiini cha ndani. Wanafunzi wanaunakili, wanakariri unene wa kila tabaka, na mtihani unapita. Halafu mmoja anauliza: "Mwalimu, kuna mtu alishafika huko?" Swali hilo lisizimwe. Kwangu mimi mjiolojia, somo zima limo humo.

Hakuna aliyefika. Kutoka juu hadi katikati ya dunia ni takriban kilomita 6,371. Shimo lenye kina kirefu kuliko yote, la Kola nchini Urusi, lilianza kuchorongwa mwaka 1970 na likakomea mita 12,262. Hata ganda halikutoboka. Mengi tunayoyajua kuhusu kilichoko chini zaidi yametokana na matetemeko ya ardhi, maana kila tetemeko kubwa hutuma mawimbi yanayopenya dunia nzima, na vipima mitetemo huyanasa upande wa pili.

Hili linafundishika uwanjani bila senti moja. Wapange wanafunzi kumi bega kwa bega, wameshikana mabegani. Msukume kidogo wa kwanza kuelekea kwa mwenzake: msukumo unasafiri hadi wa mwisho. Hilo ni wimbi la P. Sasa wa kwanza ainame mbele na kuinuka. Kwa kuwa wameshikana, wote wanafuata mmoja baada ya mwingine. Hilo ni wimbi la S. Kisha waambie waachiane mikono ila mabega yaendelee kugusana. Sukuma tena: msukumo unapita. Wa kwanza ainame tena: jirani yake hatikisiki. Hivyo ndivyo kimiminika kilivyo. Wimbi la S halipiti ndani yake.

Hapo waulize wenyewe: mawimbi ya S yanapita vizuri katika tabaka la kati, lakini yanakoma kwenye kiini cha nje. Ina maana gani? Watakuambia kiini cha nje ni kimiminika. Na tabaka la kati, lenye unene wa karibu kilomita 2,900? Ni mwamba mgumu, ingawa una joto kali na husogea polepole mno kwa mamilioni ya miaka. Naomba walimu tusimame hapa, kwa sababu wanafunzi wengi wanaondoka shuleni wakiamini kwamba chini ya ganda kuna bahari ya uji wa moto. Haipo. Mwamba huyeyuka sehemu chache tu, kama chini ya volkano ya Ol Doinyo Lengai. Kiini cha ndani nacho, kilicho kigumu, kiligunduliwa mwaka 1936 na Inge Lehmann wa Denmark kwa kuchunguza mawimbi hayohayo.

Ukipata kipindi cha pili, fanyeni hesabu. Katika ganda, wimbi la P huenda takriban kilomita 6 kwa sekunde, la S takriban 3.5. Kwa umbali wa kilomita 84, P linafika baada ya sekunde 14 na S baada ya sekunde 24. Pengo ni sekunde 10. Basi kila sekunde ya pengo ni kama kilomita 8. Wape mapengo ya vituo vitatu vya kupima mitetemo, ramani na bikari, wachore duara tatu, kila moja ikizunguka kituo chake kwa umbali waliouhesabu. Zinapokutana ndipo tetemeko lilipotokea.

Pengo hilo lina faida nyingine. Tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu na kubomoa nyumba nyingi. Katika tetemeko la namna hiyo, mshindo wa kwanza mara nyingi ni wimbi la P, na mtikisiko mkali unafuata baada ya sekunde chache. Mwanafunzi anayelijua hilo ataingia chini ya meza, ataushika mguu wa meza na kukinga kichwa. Aliye nje abaki mahali pa wazi, mbali na kuta na nguzo za umeme.

Watauliza pia kama tetemeko linaweza kutabiriwa. Wajibu waziwazi kwamba hapana. Tunajua maeneo yenye hatari zaidi, likiwemo Bonde la Ufa, lakini siku na saa hakuna anayezijua, na ujumbe wa simu unaodai kuzijua usisambazwe.