Silabi si mofimu

Wazazi wengi, hata baadhi ya walimu, huamini kwamba ukishaligawa neno refu la Kiingereza kwa silabi, umepata na sehemu zake za maana, yaani mofimu. Sivyo. Silabi hufuata sauti. Mofimu hufuata maana.

Chukua helicopter. Mdomo hulikata he-li-cop-ter. Lakini Wafaransa waliliunda karne ya 19 kwa maneno mawili ya Kigiriki: helix, kitu kilichojipinda kama parafujo, na pteron, bawa. Kwa hiyo kimaana hukatika helico-pter, katikati kabisa ya silabi "cop"!

Mbona hata kwetu "anasoma" ni a-na-so-ma kwa silabi, ila a-na-som-a kwa mofimu? Mtoto akikwama kwenye unhappiness, mwonyeshe kwanza un-, happy na -ness. Silabi zitafuata.